Deni linalopiga kelele na deni linalochukua shamba

Huku Bomet mtu akikwambia "nitakulipa mwezi wa kumi", ana maana ya bonasi. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipwa kwa mafungu mawili. Kila mwezi anapata malipo ya kwanza kwa kila kilo aliyochuma. Hesabu za mwaka zikifungwa Juni, kiwanda kinaangalia kilichouzwa na kilichotumika, na kinachobaki kinagawanywa karibu na Oktoba. Karo, mabati, harusi na mikopo, yote husubiri siku hiyo. Bonasi ikija ndogo, kama ilivyokuwa 2025 ambapo wakulima wa Kericho na Bomet walilalamika hadharani, mtu aliyekopa kwa kuitegemea anajikuta amechelewa kabla hata hajafanya kosa lolote.

Mimi ni mtoto wa Kisauni, na huu ni mwaka wa saba naishi Sigor nikifanya kazi ya mikopo kwenye sacco ambayo sitaitaja jina. Sigor hii ni ile ya Chepalungu, kaunti ya Bomet. Ile nyingine iko Pokot Magharibi, na jamaa zangu wa Mombasa bado huzichanganya. Hapa petu ni chini kidogo na pakavu kidogo kuliko milima ya chai. Watu wana ng'ombe wa maziwa na mahindi, na wengi wana nusu ekari au ekari moja ya chai kwa wazazi wao huko juu, Bomet ya kati au Konoin.

Sababu ya kuandika haya kwa watu wa Pwani ni simu ninazopigiwa kutoka nyumbani. Mvuvi aliyekopa mashine ya boti anangoja kusi ipite. Mama mwenye vyumba vya wageni Malindi anangoja Disemba. Mkulima wa korosho anangoja wanunuzi. Kalenda ni tofauti lakini ugonjwa ni mmoja: pesa inaingia kwa msimu, rejesho linatakiwa kila mwezi. Na maswali ninayoulizwa na shangazi zangu kule Kisauni ni yale yale ninayoulizwa dirishani hapa Sigor.

Kwanza niseme mkopo unavyoonekana ukiwa upande wangu wa meza, maana hilo watu hawaambiwi. Sacco zinazopokea akiba ziko chini ya kanuni za 2010, na kanuni hizo zinaupanga kila mkopo kwa siku ilizochelewa. Ukichelewa kati ya siku 1 na 30, mkopo unaingia kundi la kuangaliwa, na sacco inalazimika kutenga asilimia 5 ya deni hilo kama akiba ya hasara. Ukipita siku ya 30 unashuka kundi la chini, na kinachotengwa ni asilimia 25. Baada ya siku 180 ni asilimia 50. Baada ya siku 360 ni asilimia 100, yaani kwenye vitabu mkopo huo umeshazikwa.

Sasa tazama maana yake. Mtu akija kuniona siku ya 20, deni lake limeiumiza sacco kidogo tu, na meneja wangu ana sababu nzuri ya kumpa nafasi. Akija siku ya 45, deni lile lile, mtu yule yule, uso ule ule, tayari limetugharimu mara tano zaidi, na meneja anapigiwa simu kutoka makao makuu. Mimi sibadiliki roho katika siku hizo 25. Ni hesabu zilizobadilika. Kwenye benki nako kuna ngazi zake, na ile kubwa ni siku 90: ukifika hapo mkopo unahesabiwa kuwa haulipwi.

Kwa hiyo swali la "niende lini?" jibu lake ni kabla ya tarehe ya rejesho, ukishajua tu kwamba hutalifikia. Ukishindwa, basi ndani ya siku 30. Najua aibu ni kitu kizito. Nimeona mzee mwenye ng'ombe sita akizunguka sokoni kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya ofisi yetu, na alikuwa amechelewa rejesho moja tu.

Hilo la pili ndilo lililonifanya nichague kichwa cha habari hii. Mtu akianza kuchelewa, mara nyingi hadaiwi na mmoja. Ana sacco, ana mkopo wa simu mmoja au mitatu, ana duka la mbegu, ana chama, pengine ana benki iliyoshika hati ya shamba. Na pesa aliyo nayo haitoshi wote. Anamlipa nani? Karibu kila mara anamlipa anayempigia kelele zaidi. Mikopo ya simu hutuma ujumbe asubuhi, mchana na usiku. Benki inatuma barua moja kwenye sanduku la posta ambalo halifunguliwi. Sacco inapiga simu mara moja kwa wiki. Basi shilingi 3,000 zinaenda kwenye simu, na barua ya benki inakaa sandukuni siku zake zikihesabika.

Kaa chini na karatasi, uandike kila deni, na mbele ya kila deni uandike kitu kimoja: huyu akikasirika anaweza kunichukulia nini? Aliyeshika hati miliki anaweza kuuza shamba au nyumba. Aliyeshika kitabu cha gari au pikipiki anaweza kuchukua chombo unachotafutia riziki. Sacco inaweza kula akiba yako, kisha ikala akiba ya wadhamini wako. Mkopo mdogo wa simu usio na dhamana unaweza kukuharibia jina kwenye CRB na kukusumbua, lakini hauji na dalali kuchukua ng'ombe bila kupita mahakamani. Sisemi deni dogo lisilipwe. Deni ni deni. Nasema pesa ikiwa haitoshi, foleni ipangwe kwa hatari, na wale wa nyuma waambiwe wazi kwamba wako nyuma na watafikiwa lini.

Kulikuwa na kijana mmoja wa boda boda hapa. Alikopa kununua pikipiki, na mmoja wa wadhamini wake alikuwa bibi yake mzaa mama. Huku bibi huitwa kogo. Kogo huyu alikuwa ameweka kwetu akiba ya pesa za maziwa, kidogo kidogo, miaka mingi. Mvua zikawa nyingi, pikipiki ikaharibika, kijana akaanza kukopa kwenye simu ili alipe mikopo mingine ya simu. Kila alichopata barabarani kiliishia huko, kwa sababu wale wa simu walianza kuwapigia hata jamaa zake. Sisi tulikuwa wapole, kwa hiyo tukawekwa mwisho. Miezi minne ikapita. Kisha akazima simu akaenda Narok.

Siku barua ya wadhamini ilipotoka, kogo alikuja nayo imekunjwa ndani ya leso. Hajui kusoma. Nilimwambia, "Kogo, kaa kwanza," nikamweleza kwamba sheria za sacco ziko hivi: akiba ya mkopaji mwenyewe inatumika kwanza, na ikipungua, kinachobaki kinagawanywa kwa wadhamini. Fungu lake lilikuwa zaidi ya nusu ya akiba yake. Akauliza swali moja tu: "Yeye yuko hai?" Alidhani kijana amekufa na sisi tunamficha.

Kijana alirudi baada ya mjomba wake kumfuata. Deni lilikuwa limebaki shilingi 90,000. Kwa mpango wa zamani alikuwa na miezi 9, yaani 10,000 za mkopo wenyewe kila mwezi pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kinachobaki, hivyo rejesho la kwanza ni 10,900. Hakuweza hata kidogo. Tulipoupanga upya mkopo kwa miezi 18, ikawa 5,000 za mkopo na 900 za riba mwezi wa kwanza, jumla 5,900, na inashuka kila mwezi. Hiyo aliiweza. Lakini hapa lazima niwe mkweli kwenu, kwa sababu maafisa wengi hawasemi: kurefusha mkopo kuna bei. Kwa miezi 9 riba yote ingekuwa 4,500. Kwa miezi 18 ni 8,550. Alinunua nafasi ya kupumua kwa shilingi 4,050. Kwa hali yake ilikuwa bei nzuri. Kwa mtu ambaye bonasi yake inaingia mwezi ujao, pengine ni afadhali kuomba kusogezewa rejesho moja tu, asiguse mkopo mzima.

Usidhani kupangiwa upya ni sadaka unayoomba. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Benki Kuu iliruhusu benki zote kuwapangia upya wateja walioathirika, na kufikia mwisho wa Februari 2021 mikopo ya thamani ya shilingi trilioni 1.7 ilikuwa imepangwa upya. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki nchini. Hoteli kubwa za Diani na Nyali, kampuni za ndege, wenye majengo ya Nairobi, wote walikaa kwenye kiti kile kile ambacho kogo alikaa. Wao walipeleka mawakili wao tu.

Ukija kuomba, njoo na barua, na ibaki nakala yako imepigwa muhuri wa kupokewa. Maneno ya mdomo yanapotea afisa akihamishwa, na sisi tunahamishwa sana. Barua isiwe ndefu. Iseme unadaiwa nini, kilichotokea ni nini, mapato yako sasa ni kiasi gani, unaweza kulipa kiasi gani kuanzia tarehe gani, na mpaka lini. Ambatisha ushahidi: hati ya malipo ya chai, kitabu cha maziwa, karatasi ya hospitali. Kisha siku hiyo hiyo ulipe chochote, hata kama ni 500. Afisa wa mikopo akiona barua pamoja na risiti anaweza kukutetea kwenye kikao. Akiona barua peke yake, ana hadithi tu. Na usiahidi kiasi cha kumfurahisha. Watu huniahidi 8,000 kwa sababu wanaona haya kusema 3,000, na mwezi ukiisha wamevunja ahadi ya pili. Mimi nikiwa mezani napenda zaidi yule wa 3,000 anayekuja kweli.

Jambo la majani. Wakulima wengi wa chai hukatwa mkopo moja kwa moja kwenye malipo yao, hasa wale waliokopa Greenland Fedha, ambayo ni kampuni tanzu ya KTDA, au sacco zinazopitishiwa malipo ya chai. Makato ya aina hii yana raha na karaha zake. Huchelewi kulipa, lakini unaweza kuamka mwezi hati ya malipo imesoma sifuri na nyumbani hakuna unga. Hapo ndipo watu hukimbilia soko huru: wanauza majani kwa wachuuzi wa barabarani kwa pesa taslimu, ili mwenye mkopo asione. Kwa wiki mbili inaonekana ni ujanja. Kisha kilo zao kiwandani zinashuka, makato hayatimii, mkopo unaingia kundi la waliochelewa, na bonasi ya Oktoba nayo inapungua kwa sababu inalipwa kwa kilo. Wamejikata mara tatu. Njia iliyo wazi ni kumwandikia mkopeshaji kuomba makato yapunguzwe, ili kila mwezi ibaki sehemu ya kula. Mvuvi anayekatwa mnadani pa samaki anaweza kuomba vivyo hivyo kabla hajaanza kushusha samaki usiku bandari nyingine.

Sasa kwa waliochukua mkopo wa benki kwa hati ya ardhi, ambao ndio hofu yao ni kubwa na habari zao ni chache. Benki haiwezi kuamka kesho ikauza. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka kwanza uwe umechelewa mwezi mmoja. Kisha upewe notisi ya maandishi inayosema umekosea nini, unatakiwa kulipa kiasi gani, na upewe muda usiopungua miezi mitatu. Muda huo ukiisha hujalipa, inatakiwa notisi nyingine, ya kuuza, ya siku zisizopungua 40. Mumeo au mkeo aliyetia saini kukubali dhamana apewe nakala. Baada ya hapo dalali naye, kwa kanuni za madalali, anatoa notisi yake ya siku 45 kabla ya mnada. Jumlisha mwenyewe: inapita miezi sita.

Miezi sita inapita msimu mzima wa kaskazi. Ni muda wa kutosha kuuza kipande cha shamba kwa bei yako mwenyewe, ukilipa benki na kubaki na kingine, badala ya kungoja bei ya mnada. Benki mara nyingi hukubali mwenye mali atafute mnunuzi mwenyewe, maana na wao mnada unawachosha. Lakini kila siku ya miezi hiyo inahesabika ikiwa barua umeisoma au hukuisoma, mradi imefikishwa inavyotakiwa. Kwa hiyo, ikiwa sanduku la posta ni la shule ya msingi uliyosoma au la marehemu babu, nenda benki ukabadilishe anwani leo.

Na notisi ikiruka hatua, usikae ukingoja mnada upite ndipo ulalamike. Mahakama inaweza kusimamisha mnada uliokiuka utaratibu, lakini huwa inauliza: wewe umelipa nini tangu uchelewe? Anayekwenda na risiti husikilizwa kuliko anayekwenda na malalamiko matupu. Sheria inataka pia benki itafute bei bora inayopatikana, na ardhi ithaminiwe kabla ya kuuzwa. Ikiwa nyumba ndiyo ya familia, dhamana ambayo mke au mume anayeishi humo hakutia saini ina kasoro kubwa, na hilo ni la kumpelekea wakili mapema.

Kuna kifungu kingine ambacho wateja wengi wa benki hawakijui, cha 44A katika Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba ambayo benki inaweza kukudai kuanzia hapo haiwezi kupita kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Yaani kama ulibakisha 80,000, riba inakomea 80,000, na jumla ni 160,000 pamoja na gharama halali za kudai. Ukiona hesabu imefika 300,000, omba taarifa ya akaunti tangu mwanzo na uikague mstari kwa mstari. Kifungu hicho kinahusu benki. Usikipeleke kwa kila mkopeshaji ukidhani kitafanya kazi vile vile.

Watu pia huniuliza kama watafungwa. Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai Kenya. Askari wa kituo hana kazi ya kukusanyia mtu madeni, ingawa hundi ya uongo ni kesi nyingine kabisa, na kudanganya kwenye fomu pia. Jela ya madai ipo, lakini mahakama inatakiwa iridhike kwanza kwamba una uwezo na umekataa, au unaficha mali, au unataka kutoroka. Na hata mdai akishinda kesi, kuna vitu ambavyo Sheria ya Mwenendo wa Madai inakataza visichukuliwe: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, zana za kazi yake, hata mapambo ambayo mwanamke kwa desturi ya dini hawezi kutengana nayo. Dalali anayebeba sufuria na godoro anategemea ujinga wako.

Mikopo ya simu sitaichosha sana, maana imeandikwa mara nyingi. Tangu 2022 wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na kanuni zao zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yako. Ukifanyiwa hivyo, piga picha ujumbe, hifadhi namba na tarehe, ulalamike kwa Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Si maneno ya karatasi tu: Septemba 2023 Kamishna aliipiga kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wasiohusika. Kijana wetu wa boda boda angejua hilo, pengine asingezima simu.

La kuepuka ni kukopa mpya kulipa kuukuu. M-Shwari kwa mfano hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Yaonekana ndogo kwa mwezi. Irudie miezi 12 uone umelipa ngapi kwa mkopo ule ule, huku mkopo wenyewe umekaa pale pale.

Nisiseme kama kwamba kila aliyechelewa ni mzembe au mjanja. Septemba 2011 ugonjwa wa mahindi wa kukausha mimea ulionekana mara ya kwanza nchini hapa Longisa, jirani yetu, na mwaka uliofuata ukashuka mashamba ya Chepalungu. Watu waliokopa mbegu na mbolea walivuna mabua. Wazee hapa bado huhesabu madeni yao kwa mwaka huo. Watu wa aina hii wana haki ya kuinua kichwa wakiingia ofisini. Na nyumbani kwetu Pwani tunajua kwamba hata katika mafungu manane ya zaka, aliyelemewa na deni ana fungu lake. Kamati za misikiti nyingi hukumbuka mayatima na kumsahau huyu. Si vibaya imamu akiulizwa.

Kwa mdhamini neno langu ni fupi: una haki ya kuuliza hali ya mkopo uliotilia saini. Usingoje barua. Pita kila robo mwaka uulize unaendeleaje, kwa sababu siku ya 20 unaweza kumfuata ndugu yako ukamleta ofisini, na siku ya 120 utaletewa mgawanyo wako. Na ukishalipa kwa niaba yake, weka risiti, una haki ya kumdai yeye.

Mwisho wa deni una makaratasi yake, na hapa watu wa huku na wa huko wote ni wazembe. Ukimaliza, omba barua ya kumaliza mkopo. Kama ni hati ya ardhi, omba hati yako pamoja na fomu ya kuondoa dhamana iliyotiwa saini, uipeleke ofisi ya ardhi ikasajiliwe. Bila hivyo dhamana ya benki bado imeandikwa juu ya shamba lako hata kama hudaiwi senti. Kisha uliza CRB. Kwa kanuni za 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipaswi kukuandikisha vibaya, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kukupeleka, na una haki ya kupata taarifa yako bure walau mara moja kwa mwaka. Ukilipa, kumbukumbu ya kuchelewa inaweza kubaki miaka mitano, lakini inatakiwa isomeke kwamba deni limelipwa. Isiposomeka hivyo, peleka ile barua ya kumaliza mkopo. Anayekwambia atakufutia jina kwa 5,000 sokoni hana mlango wowote wa kuingilia huko. Kampuni zenye leseni ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kwao mlango ni wako mwenyewe.